Lysander Spooner: Mpinga Serikali aliyetetea hakimiliki ya milele

MJADALA kuhusu hakimiliki katika zama za intaneti huwagawa hata watetezi wa uhuru wa mtu binafsi, na chimbuko la mgawanyiko huo ni la karne ya 19.

Miongoni mwa walioufungua ni Lysander Spooner, mwanasheria wa Marekani aliyezaliwa Athol, Massachusetts, mwaka 1808.

Mwaka 1844 alianzisha kampuni binafsi ya kusafirisha barua kwa gharama nafuu, akipinga ukiritimba wa Posta. Mwaka uliofuata Bunge lilishusha gharama za Posta, lakini likawabana washindani, na hatimaye kampuni hiyo ikafungwa.

Mwaka huohuo wa 1845 alichapisha kitabu kilichodai kuwa utumwa ulikuwa kinyume cha Katiba.

Mwaka 1855 alitoa kitabu kuhusu miliki bunifu. Humo alidai kuwa wazo ni mali kama ilivyo mali nyingine, hivyo mwandishi na mvumbuzi, pamoja na warithi wao, wana haki ya kulimiliki milele.

Benjamin Tucker, aliyemhusudu na kuchapisha maandiko yake katika jarida la Liberty, aliikataa hoja hiyo. Kwake, hataza na hakimiliki zilikuwa ukiritimba uliolindwa na dola.

Spooner alifariki dunia Boston, Mei 14, 1887. Warithi wake wa kifikra wangali wakibishana: anayenakili kazi ya mwenzake ameiba mali, au ametumia tu karatasi na mitambo aliyoinunua mwenyewe?