Henry Dunant na Fedha za Watu

Wahitimu wenzangu, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi sasa,

Kamati ya jarida letu imenitaka niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye vijana wanaweza kujifunza kitu kwake. Nimemchagua Henry Dunant, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu. Sikumchagua kwa kuwa hakuwa na doa. Katika maisha yake yamo mambo matatu ambayo nayakuta kila mwaka ninaposoma taarifa za miradi ya hisani katika kazi yangu serikalini: mradi unaofaulu, mradi unaoishia njiani, na mradi unaovunja amana ya watu. Yote matatu yalipita mikononi mwa mtu huyu mmoja.

Dunant alizaliwa mjini Geneva, Uswisi, tarehe 8 Mei 1828. Siku hiyo sasa huadhimishwa duniani kote kuwa Siku ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Wazazi wake walikuwa watu wenye uwezo na wacha Mungu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyewasaidia yatima na watu waliotoka kifungoni, na mama yake aliwahudumia maskini na wagonjwa. Shuleni kijana huyu hakung'ara. Alilazimika kuacha masomo bila kumaliza kwa sababu ya alama mbaya, akaenda kujifunza kazi katika nyumba moja ya kubadilisha fedha. Wadogo zangu msifanye habari hii kuwa kisingizio! Wakati huo huo alikuwa akitumia muda wake wa mapumziko kuwatembelea wafungwa, na mwaka 1852 alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha chama cha YMCA mjini Geneva.

Mwaka 1853 waajiri wake walimtuma Algeria, nchi ambayo Ufaransa ilikuwa imeanza kuiteka tangu mwaka 1830. Huko alivutiwa na biashara. Baada ya miaka michache alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kulima nafaka na kuendesha vinu vya kusaga unga mahali paitwapo Mons-Djémila. Mtaji ulitoka kwa jamaa zake, rafiki zake na watu wengine wa Geneva waliomwamini kwa jina la familia na kwa ucha Mungu wake. Lakini kinu kilihitaji maji na ardhi, na wakuu wa kikoloni hawakumpa haki kamili ya maji wala ardhi ya kutosha. Tena ardhi yenyewe ilikuwa ya wenyeji kabla ya kutekwa, na katika hesabu za kampuni wao hawakuwamo. Dunant aliandika barua nyingi bila mafanikio, mwishowe akaamua kumwendea Napoleon III, Mfalme wa Ufaransa, aliyekuwa vitani kaskazini mwa Italia.

Hivyo ndivyo mfanyabiashara mwenye suti nyeupe alivyofika karibu na Solferino jioni ya tarehe 24 Juni 1859. Siku hiyo majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalikuwa yamepambana na jeshi la Austria. Askari wapatao 300,000 walikuwa uwanjani, na jua lilipotua kiasi cha 40,000 kati yao walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Maelfu ya majeruhi walipelekwa katika mji mdogo wa Castiglione. Wengi walilala makanisani na barabarani, bila maji, bila bandeji, wala daktari wa kuwatosha.

Dunant aliiacha ile barua yake ya maji na ardhi mkobani. Aliwakusanya wanawake wa mji ule, akanunua vitambaa, chakula na dawa kwa fedha zake, akawaandikia jamaa za waliokuwa wakikata roho. Aliwasihi Wafaransa wawaachie madaktari wa Austria waliotekwa ili nao watibu. Akina mama wale hawakumuuliza majeruhi alikuwa wa jeshi gani. Walisema wote ni ndugu, wakawafunga vidonda rafiki na adui kwa usawa.

Kama habari ingeishia hapo, tungekuwa na mtu mwema wa siku chache tu, na wema wa namna hiyo duniani si haba. Dunant aliporudi Geneva aliandika kitabu, Kumbukumbu ya Solferino, akachapisha nakala 1,600 kwa gharama zake mwaka 1862 na kuzituma kwa wakuu wa Ulaya. Baada ya kueleza aliyoyaona, aliuliza swali la mtu wa mipango: vita ijayo itakapozuka, nani atakuwa tayari? Alitaka kila nchi iwe na chama cha watu wa kujitolea, wafunzwe wakati wa amani, na mataifa yakubaliane kwa mkataba kuwalinda majeruhi na wale wanaowahudumia.

Naomba niseme jambo hapa kama mtumishi wa umma. Katika wilaya moja niliyowahi kufanya kazi, shirika moja lilitujengea zahanati nzuri yenye bati jipya na vigae sakafuni. Siku ya ufunguzi ngoma zilipigwa na picha zikapigwa. Hakuna aliyekuwa ameuliza mshahara wa muuguzi ungetoka fungu gani, wala nani angenunua dawa zile za kwanza zikiisha. Mwaka wa pili popo walihamia darini. Waliojenga walikuwa na huruma, lakini hawakuliuliza swali la Dunant.

Swali hilo lilisomwa na Gustave Moynier, mwanasheria aliyekuwa rais wa chama cha ustawi wa jamii mjini Geneva. Tarehe 17 Februari 1863 watu watano walikutana: Moynier, Dunant, Jenerali Dufour, na madaktari wawili, Appia na Maunoir. Dunant akawa katibu. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Wawili hawa, Dunant na Moynier, hawakupatana. Dunant alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Alipofika Berlin mwaka ule alitangaza wazo la kuwahesabu waganga na majeruhi kuwa wasio na upande, bila idhini ya wenzake, na Moynier alilidhani haliwezekani. Moynier naye alikuwa mtu wa kanuni na vikao. Ajabu ni kwamba kazi iliwahitaji wote wawili. Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zilitia sahihi Mkataba wa kwanza wa Geneva, na ndani yake lilikuwamo lile wazo la Berlin.

Wakati jina lake likisifiwa katika majumba ya wafalme, vinu vya Algeria vilikuwa vikifa polepole. Dunant hakuvishughulikia tena, ila hakuwaeleza wenye fedha zao hali halisi. Alijiingiza katika benki iitwayo Crédit Genevois, akawa mjumbe wa bodi yake, na biashara zake zikafungamana nayo. Mwaka 1867 benki hiyo ilianguka, naye akafilisika akiwa na deni la karibu faranga milioni moja. Tarehe 17 Agosti 1868 mahakama ya Geneva ilimlaumu kwamba aliwadanganya wenzake kwa kujua. Waliopoteza walikuwa pamoja na rafiki na jamaa zake mwenyewe, watu waliodhani kwamba mkono uliofunga vidonda vya Solferino hauwezi kupoteza akiba zao.

Tukumbuke kwamba Dunant hakushtakiwa kuiba hata senti ya majeruhi. Lakini jina lake jema lilikuwa limekusanya fedha, na jina hilo lilipovunjika liliwaumiza walioliamini. Kosa lake liko hapo. Alidhani wema katika jambo moja humwondolea mtu wajibu wa kutoa hesabu katika jambo jingine. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakumtoa mtu mwema katika kanuni hiyo.

Kamati ilimwondoa mwezi Septemba 1867. YMCA nayo ikamtoa. Alikuwa amekwisha kuondoka Geneva, na hakurudi tena mpaka kufa kwake. Miaka iliyofuata alikuwa ombaomba mwenye adabu. Alisimulia baadaye jinsi alivyolala katika vituo vya gari moshi, akapaka wino koti lake lililochakaa ili lionekane jeusi, na chaki kola yake ionekane nyeupe. Huku nyuma, nchi moja baada ya nyingine zilikuwa zikianzisha vyama vya Msalaba Mwekundu, na watu wengi walidhani mwanzilishi amekwisha kufa.

Mwaka 1887 alifika Heiden, kijiji cha milimani huko Uswisi, na mwaka 1892 alipewa chumba katika hospitali ya pale. Mwaka 1895 mwandishi wa gazeti aitwaye Georg Baumberger alimkuta na kuandika habari zake. Ulaya ikashtuka. Mwaka 1901 Tuzo ya Amani ya Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza, alipewa nusu, nusu nyingine akapewa Mfaransa Frédéric Passy. Rafiki yake Hans Daae, daktari wa jeshi la Norwe, alisaidia fedha hizo ziwekwe katika benki nchini humo, mbali na mikono ya wadai. Dunant aliendelea kuishi katika chumba kile kile. Alifariki tarehe 30 Oktoba 1910, akazikwa Zürich bila sherehe, kama alivyotaka. Katika wasia wake aliacha kitanda cha bure kwa maskini wa Heiden, na fedha nyingine kwa kazi za hisani za Norwe na Uswisi. Wadai wake hawakulipwa madeni yao yote.

Jambo hili limenisumbua, nami nasema ninavyoona. Dawa ya deni ni kulipa. Kitanda kile ni sadaka njema, lakini kilinunuliwa kwa fedha ambazo watu wengine walikuwa wakizidai kwa zaidi ya miaka 30. Msomaji anaweza kunijibu kwamba maskini wa Heiden walikuwa na shida kuliko matajiri wa Geneva. Huenda. Ila mtu akizoea kuchagua mwenyewe nani alipwe na nani asahauliwe, amekwisha kujifanya mkaguzi wa hesabu zake mwenyewe.

Msije mkadhani nasifu upande wa Moynier tu. Yeye aliongoza Kamati tangu 1864 mpaka alipokufa mwezi Agosti 1910, wiki chache kabla ya Dunant, bila kupatana naye. Daftari zake zilikuwa safi. Lakini mtu huyu wa kanuni aliunga mkono shughuli za Leopold II, Mfalme wa Ubelgiji, aliyeanzisha Chama cha Kimataifa cha Afrika mwaka 1876 kwa kisingizio cha kukomesha utumwa na kuleta elimu. Misafara ya chama hicho ilipita katika nchi yetu toka pwani, ikajenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Tangu 1885 hisani hiyo iligeuka kuwa Dola Huru ya Kongo, mali ya mfalme mmoja, ambako watu walilazimishwa kwa mijeledi na bunduki kuleta mpira na pembe, mpaka aibu ilipomlazimu aiachie serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Moynier alikuwa konsuli mkuu wa dola hiyo nchini Uswisi. Mtu anaweza kuwa na stakabadhi zote na bado asiwaulize wanaosaidiwa wanaishije.

Na Msalaba Mwekundu wenyewe? Umefaulu kuliko ndoto ya mwanzilishi wake. Kwetu, Bunge lilipitisha sheria ya chama chetu mwaka 1962, na mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, vijana wenye fulana za msalaba walikuwa miongoni mwa waliowapokea Ngara. Lakini pia umeanguka. Mwezi Oktoba 1942 Kamati ya Geneva iliamua kutopaza sauti hadharani wakati Wayahudi wakiangamizwa, na baadaye yenyewe ilikiri kushindwa huko. Mwaka 2017 Shirikisho la vyama hivyo lilitangaza kwamba dola zaidi ya milioni 5 za kupambana na ebola huko Guinea, Liberia na Sierra Leone zilipotea kwa udanganyifu katika miaka ya 2014 hadi 2016. Fedha za watu waliokuwa wakifa! Hata hivyo shirika lilijikagua na kujitangaza lenyewe. Dunant hakufanya hivyo mwaka 1867, na tofauti hiyo ndiyo iliyoacha mlango wa kuaminiwa tena.

Wahitimu wenzangu, mfuko wetu wa kukarabati maktaba ya shule umeanza kupokea michango. Tunaoisimamia kazi hiyo tunajuana tangu utotoni, na hapo ndipo hatari ilipo, maana rafiki huona haya kumdai rafiki yake stakabadhi. Napendekeza kwa mkutano mkuu mambo matatu: tuchague mkaguzi asiyekuwa mjumbe wa kamati, hesabu za kila muhula zibandikwe kwenye ubao wa matangazo ya shule, ambapo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataweza kuzisoma na kuuliza, na kabla ya kununua rafu moja, tuandike nani ataitunza maktaba hiyo, na kwa fedha gani, sisi tutakapokuwa tumezeeka.

Wadogo zetu, mkiona hesabu hizo hazijabandikwa, tuulizeni. Hamtakuwa mmetuvunjia heshima.