Paul Bomani: Mizani ya Haki na Vitabu vya Hesabu

Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita Isaka. Waamini wa Isaka wa leo huitazama pamoja na bandari kavu na malori yaendayo Rwanda na Burundi. Wazee wao waliyaona pia mabehewa yaliyobeba marobota ya pamba ya Usukuma kuelekea pwani. Tukiikumbuka pamba hiyo, hatuna budi kumkumbuka Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2005.

Bomani hakuwa Mkatoliki. Alilelewa katika nyumba ya mhubiri wa Kisabato na kusomeshwa katika shule za misheni. Hata hivyo, maisha yake yana fundisho linalotuhusu sote tunaoshika fedha, ziwe zetu au za wenzetu. Akiwa kijana alifanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, hapa Shinyanga. Baadaye alihamia Mwanza, akatumikia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika.

Wakati huo wakulima wa pamba walikuwa na kilio kimoja kikubwa, nacho ni mizani. Mkulima alilima, akapalilia na kuvuna pamoja na jamaa yake, kisha akafika kwa mnunuzi na kupunjwa uzito wa pamba yake. Maandiko Matakatifu yanatufundisha kwamba mizani ya hila ni chukizo mbele ya Mungu. Wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani za wanunuzi, na Bomani akawa miongoni mwa vijana waliowaunganisha ili wauze pamba yao kwa pamoja.

Hapo ndipo tunapoiona hekima yake. Alikwisha kuwa kiongozi anayeaminiwa, naye angeweza kutosheka na kusifiwa mikutanoni. Lakini alitambua kwamba mizani ikiwa sawa na daftari likawa la uongo, mkulima ataibiwa vilevile, tena bila kumwona mwizi wake. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza, katika chuo cha ushirika cha Loughborough, kujifunza namna ushirika unavyoendeshwa. Aliporudi, mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akawa meneja mkuu wake. Katika miaka michache shirikisho hilo lilishika biashara ya pamba ya Jimbo la Ziwa, likawa na viwanda vyake vya kuchambua pamba. Baadaye Bomani aliitwa serikalini, na kuanzia mwaka 1962 hadi 1965 alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu.

Hatutakuwa wakweli tukiishia hapo. Ushirika ulikua haraka kuliko idadi ya watu waliojua kuutunzia hesabu. Vyama vilianzisha biashara nyingine kabla ya kupata mameneja waliofundishwa, makato ya mkulima yakaongezeka, na fedha za wanachama zikatumiwa vibaya mahali pengi. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianzishwa mwaka 1963, lakini haja ilikuwa kubwa kuliko wahitimu. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza ushirika. Hatimaye shirikisho lile likavunjwa, na mahali pake pakawekwa Nyanza Cooperative Union. Elimu ya mtu mmoja haikutosha kulinda jasho la maelfu.

Tunaliona jambo hilohilo leo miongoni mwa wenye maduka, wenye malori, wenye maduara na makarasha ya dhahabu, na hata katika vikundi vya kuweka na kukopa vya jumuiya zetu. Mtu huona fedha nyingi mkononi akadhani ni faida, kumbe ndani yake mna mtaji, deni la mafuta na ujira wa vibarua. Akizitumia, amekula mbegu. Anayesimamia biashara hana budi kutenga fedha za nyumbani na za kazi, kuandika kila kinachoingia na kinachotoka, kutunza stakabadhi, na kila mwezi kulinganisha mali aliyo nayo na madeni anayodaiwa. Asipojua, ajifunze bila kuona haya, hata kama ni mwenyekiti au paroko.

Bwana wetu alitupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, anayeketi kwanza na kuhesabu gharama. Tusidhani kwamba hesabu ni shughuli ya kidunia isiyo na nafasi katika imani. Mtunza hazina wa kigango anayefungua daftari lake mbele ya waamini na kulisoma kwa uwazi anatenda haki, na vibarua wanaolipwa kwa wakati kwa sababu mwajiri wao alihesabu vema wanaionja haki hiyo. Basi tumwombe Mungu atujalie moyo mwaminifu, nasi tuchukue hatua ya kujifunza.