Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere: Ardhi, Nyumba na Dhamiri

Mwamini anayenunua kiwanja Kariakoo leo hulipa fedha nyingi sana, lakini hapati ardhi yenyewe. Anachopata ni haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa katika hati, iwe miaka 33, 66 au 99, pamoja na jengo lililosimama juu yake. Ardhi hubaki mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sheria hii tumeizoea hata hatuulizi ilikotoka. Kwa sehemu kubwa ilitokana na mtu mmoja ambaye Kanisa linachunguza utakatifu wake, naye ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mugaya. Katika kijiji hicho hapakuwa na mtu aliyeuza shamba. Familia ililima mahali ilipopewa na ukoo, na mavuno yalikuwa yake kwa sababu jasho lilikuwa lake. Udongo haukuwa wa mtu. Mtoto Kambarage aliukuta utaratibu huo kabla ya kuikuta Injili. Alipobatizwa mwaka 1943 na kuitwa Julius, alikuta katika Maandiko, katika sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi, fundisho lililofanana nao: nchi ni ya Mungu, na wanadamu ni wageni na wapangaji wake.

Baada ya Makerere alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha akaenda kusoma Edinburgh. Aliporejea alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Kazi ya siasa ilimleta mjini mara kwa mara, hasa Kariakoo, ambako chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata aliacha ualimu, mshahara na nyumba ya shule. Aliyempokea alikuwa Abdulwahid Sykes, Mwislamu wa Kariakoo, aliyemfungulia nyumba yake. Baadaye alihamia Magomeni, katika nyumba ya kawaida ambayo leo ni makumbusho.

Mji ule ulikuwa umegawanywa na wakoloni. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na ng'ambo yake. Nyumba ya Kariakoo ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na uani nyuma. Mara nyingi chumba kimoja kilibeba familia nzima, na kodi ya chumba ilikuwa tegemeo la mwenye nyumba, pengine mjane au mzee asiye na pato lingine. Mwalimu aliishi katikati ya mambo hayo. Aliona kwamba kupangisha kwaweza kuwa ukarimu na riziki halali, na kwaweza pia kuwa kamba shingoni mwa maskini.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilikusudia kuwawezesha Waafrika kumiliki ardhi moja kwa moja na kuiuza. Wengi waliona kuwa hayo ni maendeleo. Mwalimu alipinga katika andiko lake lililoitwa Mali ya Taifa. Alieleza kwamba mtu anastahili kumiliki alichokitengeneza, na hakuna aliyetengeneza ardhi. Alionya kwamba katika nchi ya maskini, ardhi ikiwekwa sokoni itaishia kwa wachache wenye fedha, na wazawa watakuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa kudumu uliokuwepo uligeuzwa kuwa upangaji wa muda chini ya serikali.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipeleka sharti hilo ndani ya nyumba za viongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha, wala kupokea mishahara miwili, wala kuwa na hisa katika kampuni ya kibepari. Sharti lilimhusu mke au mume wake pia. Wapo waliokuwa wameanza kujenga kwa ajili ya uzee wao, nao walinung'unika. Mwalimu hakujitoa katika sharti alilowawekea wengine.

Hatua iliyoumiza zaidi ilikuja Aprili 1971. Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililopita umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Wengi wa waliopoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia katika mitaa ya katikati ya jiji. Baadhi yao walikuwa matajiri wa kweli. Wengine walikuwa wenye duka waliojinyima miaka mingi wakapandisha ghorofa moja juu ya lingine ili wapate kodi wakizeeka. Familia nyingi zilihama nchi.

Kanisa nalo liliguswa. Kwa sheria ya mwaka 1969 shule zilizojengwa kwa sadaka za waamini na jasho la wamisionari zilitaifishwa, ikiwemo Pugu, shule ile ile aliyoifundisha. Lengo lilikuwa kwamba mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini yake. Ni lengo la haki. Hata hivyo, aliyeleta matofali kwa kichwa ili shule ya parokia isimame alikuwa na sababu ya kusikitika.

Mwamini apime vipi maisha ya namna hii? Wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Machi 1967, Papa Paulo VI alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya watu, Populorum Progressio. Alifundisha kwamba haki ya mali binafsi si haki isiyo na mipaka, na kwamba wakati mwingine manufaa ya wote hudai mali kubwa itwaliwe. Lakini Kanisa limefundisha pia, tangu Leo XIII, kwamba matunda ya kazi ya mtu ni yake na mamlaka isiyachukue ovyo. Biblia ina sauti zote mbili. Nabii Isaya anawaonya wanaounganisha nyumba na nyumba hadi maskini wakose mahali. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinatuonyesha damu ya Nabothi, aliyeuawa kwa sababu mfalme alilitaka shamba lake. Mwalimu aliisikia sauti ya Isaya kwa nguvu. Waliopoteza nyumba mwaka 1971 wana haki ya kutukumbusha habari za Nabothi.

Tofauti moja ni lazima itajwe. Ahabu alilitaka shamba kwa ajili yake mwenyewe. Mwalimu alitawala miaka zaidi ya ishirini, akang'atuka mwaka 1985, wala hakuacha mtaa wa majumba wenye jina lake. Aliporudi Butiama alilima. Nyumba kubwa aliyokuwa nayo huko alijengewa na jeshi kama zawadi, naye alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kabla ya kuishi humo kwa muda wa kutosha. Mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma, na hukumu juu ya utakatifu wake tunaliachia Kanisa. Wema wa nia hauondoi uchungu wa aliyepoteza, na utakatifu hauna maana ya kutokosea.

Kwetu tulio Dar es Salaam swali limebaki palepale. Nyumba za ukumbi na uani zinabomolewa Kariakoo, maghorofa yanapanda, na Novemba 2024 tuliona jengo likiporomoka juu ya watu waliokuwa kazini. Anayenunua aulize kama mjane aliyeuza alilipwa haki yake. Anayejenga asiibe saruji katika nguzo. Anayepangisha akumbuke kwamba kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo humfungia nje mwenye kipato kidogo. Hati ikisema miaka 33 au 99, imesema kweli ambayo imani yetu inaijua: sote tumepangishwa, na Mwenye Nyumba atarudi.