Rudolf Diesel, mtu aliyeacha jina lake kwenye injini

Mashine ya kusaga inapoanza kunguruma asubuhi, basi la mkoani linapopanda mlima, pampu inapovuta maji ya mto kuyapeleka shambani, mara nyingi kazi hiyo inafanywa na injini ya dizeli. Neno dizeli tunalitamka kila siku, na wengi wetu tunadhani ni jina la mafuta tu. Lilianza kuwa jina la mtu.

Mtu huyo ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Ufaransa. Alitaka injini yake imsaidie fundi mdogo asimezwe na viwanda vikubwa. Ikamtajirisha, kisha akafilisika, na mwisho akatoweka baharini usiku akiwa na umri wa miaka 55. Hakuwahi kuona gari dogo hata moja likiuzwa dukani likiwa na injini yake.

Mtoto wa fundi ngozi

Rudolf alizaliwa mjini Paris tarehe 18 Machi 1858. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Yeye na mkewe, Elise, walitoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani, wakahamia Paris kutafuta maisha. Fedha hazikuwa nyingi nyumbani, na mtoto alitumwa kusukuma mkokoteni kupeleka bidhaa kwa wateja. Akipata nafasi alikwenda kwenye jumba la makumbusho ya ufundi, akikaa na kuchora mashine alizoziona humo.

Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Wajerumani. Wajerumani waliokuwa Paris wakalazimika kuondoka. Familia ya Diesel ikakimbilia London, na huko maisha yakawa magumu zaidi. Rudolf, mwenye umri wa miaka 12, akapelekwa Augsburg, mji wa asili wa baba yake, akaishi kwa jamaa zao. Mwenyeji wake alikuwa mwalimu wa hesabu, na mtoto akaanza shule pale.

Alipofika miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi. Wao walitamani aanze kazi mapema alete kipato. Lakini kijana alikuwa na akili ya darasani, akapata ufadhili, akaingia chuo cha ufundi mjini Munich. Homa ya matumbo ilimkosesha mtihani wa mwisho mwaka 1879. Aliufanya mwaka uliofuata, akafaulu kwa alama za juu sana.

Magunia 100 ya makaa

Huko Munich alifundishwa na Profesa Carl von Linde, mtaalamu wa mitambo ya barafu. Katika somo lake Rudolf alijifunza jambo ambalo halikumtoka kichwani: injini ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha viwanda na treni duniani kote, ilikuwa inapoteza karibu joto lote la makaa yake.

Tuliweke hivi. Ukichoma magunia 100 ya makaa ya mawe kwenye injini ya mvuke ya wakati ule, kazi unayopata ni ya magunia kama 10, na mara nyingi hayafiki. Mengine yote yanapotea kama moshi na joto. Tena injini hiyo ilikuwa kubwa na ghali. Tajiri wa kiwanda aliimudu, ila fundi seremala au mfumaji wa nguo hakuweza. Diesel aliwahurumia mafundi hao, na akaona kwamba wakipata injini ndogo isiyokula mafuta mengi watasimama wenyewe.

Baada ya masomo alirudi Paris kufanya kazi kwenye kiwanda cha barafu cha mwalimu wake, na baada ya muda mfupi akawa meneja. Mwaka 1883 akamwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu. Mchana alikuwa mtu wa barafu, na muda wake wa ziada aliutumia kutafuta injini mpya. Alijaribu kwanza injini ya mvuke wa amonia. Mtambo mmoja ulimlipukia, akalazwa hospitali kwa miezi, na afya yake haikurudi sawasawa.

Siri iko kwenye pampu ya baiskeli

Wazo lililofanikiwa unaweza kulijaribu nyumbani. Chukua pampu ya baiskeli, jaza upepo kwenye tairi kwa nguvu, kisha gusa sehemu ya chini ya pampu. Utaikuta ina joto. Hewa ikishindiliwa kwenye nafasi ndogo hupata moto yenyewe.

Ndani ya injini ya dizeli, pistoni inapanda na kuishindilia hewa kwa nguvu kubwa sana, hadi joto lake linapita nyuzi 500. Hapo mafuta yanapulizwa ndani. Yakikutana na hewa hiyo yanawaka yenyewe, yanaisukuma pistoni chini, na injini inazunguka. Ndiyo maana injini ya dizeli haihitaji plagi ya kutoa cheche kama ile ya petroli. Na ndiyo maana fundi wako akikuambia injini imepoteza kompresheni, yaani hewa inavuja badala ya kushindiliwa, huwa ngumu kuwaka, hasa asubuhi ya baridi.

Diesel alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa ombi aliloliwasilisha mjini Berlin Februari 1892. Mwaka 1893 akatoa kitabu kueleza nadharia yake. Kiwanda cha mashine cha Augsburg, ambacho baadaye kilikuwa sehemu ya kampuni ya MAN, kikakubali kumjengea injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp nayo ikachangia fedha.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 10 Agosti 1893. Mafuta yaliwaka kweli, lakini shindikizo lilikuwa kubwa mno hata kipimo kilichofungwa juu ya silinda kikapasuka, vipande vikaruka. Waliokuwepo walinusurika. Wengine wangekata tamaa, ila Diesel aliona ushahidi kwamba mafuta yanaweza kuwaka bila cheche. Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa dakika moja hivi. Ikachukua miaka mitatu mingine ya kuvunja na kujenga upya.

Mnamo Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima injini mbele ya mashahidi. Ilitumia asilimia 26 ya joto la mafuta kufanya kazi. Kwa mfano wetu wa magunia, kati ya 100 sasa 26 yalikuwa yanafanya kazi.

Utajiri na mafuta ya karanga

Habari zikasambaa. Kampuni za nchi mbalimbali zikanunua haki ya kutengeneza injini hiyo. Mmarekani Adolphus Busch, tajiri wa bia, alilipa marki milioni moja kwa ajili ya Marekani na Kanada. Fundi ngozi wa Paris alikuwa amezaa milionea. Diesel akajenga jumba la kifahari Munich.

Mwaka 1900, kwenye Maonesho Makubwa ya Paris, injini yake ilipata tuzo kuu. Pale palikuwa na injini moja ndogo iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wengi hawakutambua tofauti. Serikali ya Ufaransa ilivutiwa na wazo hilo kwa sababu makoloni yake ya Afrika yalilima karanga, na hayakuwa na makaa wala petroli. Miaka michache kabla ya kifo chake Diesel mwenyewe alirudia majaribio ya mafuta ya mimea, akaamini siku moja yatakuwa na thamani kubwa. Tahadhari kwako msikilizaji: injini za leo hazikuundwa kwa mafuta ya kupikia yakiwa mabichi. Ni mazito, yanaziba nozeli, na matengenezo yake ni gharama.

Lakini nyuma ya sifa hizo mambo yalikuwa yanaharibika. Injini za mwanzo zilizouzwa ziliharibika mara kwa mara, wateja wakalalamika. Wapinzani walimshitaki wakidai uvumbuzi si wake. Maumivu ya kichwa na uchovu wa akili vikamlaza. Fedha aliziweka kwenye viwanja na visima vya mafuta, na nyingi zikapotea. Mwaka 1903 aliandika kitabu kuhusu wafanyakazi kuungana na kumiliki viwanda vyao kwa ushirika. Alikithamini sana, ila wanunuzi walikuwa wachache.

Injini nayo ikaenda upande ambao hakuukusudia. Ilihitaji mtambo wa ziada wa kushindilia hewa ya kupulizia mafuta, kwa hiyo ikawa nzito. Ilifaa mitambo ya umeme, meli na nyambizi za kivita. Yule fundi mdogo bado hakuimudu.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913

Jioni hiyo Diesel alipanda meli ya Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza kwenye mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha jioni na wenzake wawili, akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi, akaingia chumbani kwake yapata saa nne usiku. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa kwenye sitaha karibu na ukingo wa meli.

Siku kama kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona mwili ukielea. Walichukua vitu vidogo vilivyokuwa mfukoni, wakauacha mwili baharini. Mwanawe Eugen alivitambua kuwa ni vya baba yake. Ilipokaguliwa hali ya fedha, ikaonekana familia ilikuwa imezama kwenye madeni. Wapo waliodai aliuawa na majasusi au na matajiri wa mafuta, lakini ushahidi haukupatikana. Wengi walioandika maisha yake wanaamini alijiua.

Jinsi injini ilivyoingia kwenye magari ya Peugeot

Kilichokosekana kilipatikana mwaka 1927, pale kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilipoanza kuuza pampu ndogo ya kusukuma mafuta kwa shindikizo. Ule mtambo mzito wa hewa ukawa hauhitajiki. Malori yakaanza kutumia dizeli, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikauza gari dogo la dizeli.

Huko Ufaransa alikozaliwa Diesel, kampuni iliyolichukua jambo hili kwa moyo ni Peugeot, ya ukoo ulioanza kwa kutengeneza misumeno na vinu vya kusagia kahawa. Ilijaribu dizeli kwenye gari la 402 kabla ya Vita Kuu ya Pili, ila vita vikakatiza mpango. Mwaka 1959 ikaleta Peugeot 403 ya dizeli. Watu walisema dizeli ni ya malori, nzito na mvivu. Basi mwaka 1965, kwenye uwanja wa mbio wa Montlhéry karibu na Paris, Peugeot ikapeleka 404 ya dizeli iliyogeuzwa kuwa ya kiti kimoja. Ilikimbia saa 72 ikizidi kilomita 11,000, kwa wastani wa kilomita 161 kwa saa, na kwa ujumla majaribio yale yakavunja rekodi 40.

Afrika Mashariki tuliijua 404 kwa ushindi wake wa mbio za Safari Rally, ingawa zile zilikuwa za petroli. Ikafuata 504, ambayo wazee wetu wanaikumbuka ikibeba abiria wa safari za mbali, na nyingine zilikuwa za dizeli.

Dizeli ina ubaya wake pia. Moshi wake unadhuru mapafu, na mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Mwaka 2000 Peugeot ilikuwa ya kwanza kuuza gari, aina ya 607, lenye chujio la masizi kutoka kiwandani. Mashine nyingi za vijijini hazina chujio. Kwa hiyo kama una mashine ya kusaga, bomba la moshi litoke nje ya jengo, na wanaosubiri unga wakae upande ambao upepo hauwaletei moshi.

Diesel aliiwazia injini ambayo mtu mwenye karakana ndogo angeweza kuinunua na kuitunza mwenyewe. Alikufa akiiona kwenye meli na nyambizi. Injini aliyoiwazia ndiyo hii iliyoko leo kwenye kibanda cha kusagia, inayowashwa kwa mkono na kuendeshwa na mtu mmoja, na mwenye nayo anasomeshea watoto kwa kipato chake.