Louis Fuertes: Treni ilimuua, picha zake za ndege zikanusurika

Aliyewahi kujaribu kumchora ndege kwa rangi za maji anaijua tabu yake. Ndege hatulii, na rangi ikishakauka kwenye karatasi ni vigumu kuifuta. Anayekwenda na brashi yake kwenye ardhi oevu ya Nyandungu, hapa Kigali, hukutana na tabu hiyo hiyo.

Miongoni mwa walioimudu kazi hiyo ni Mmarekani Louis Agassiz Fuertes, ambaye safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa katika ukanda wetu, nchini Ethiopia, enzi hizo ikiitwa Uhabeshi.

Fuertes alizaliwa Februari 7, 1874, mjini Ithaca, jimbo la New York. Baba yake, mzaliwa wa Puerto Rico, alikuwa profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell. Kijana huyo alihitimu chuoni hapo mwaka 1897, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Alinolewa na mchoraji Abbott Thayer, na mwaka 1899 akasafiri na msafara wa Harriman kwenda Alaska.

Wachoraji wengi wa wakati huo walitegemea ngozi kavu za ndege zilizohifadhiwa kwenye makumbusho. Fuertes aliona kasoro yake: rangi ya macho, mdomo na miguu hufifia muda mfupi baada ya ndege kufa. Kwa hiyo alikwenda porini, akamwangalia ndege akiwa hai, kisha akamchora aliyepigwa risasi kabla rangi hazijapotea. Hivyo ndivyo wataalamu walivyofanya kazi wakati huo, kabla ya kamera za leo.

Mwaka 1926 alikwenda Uhabeshi pamoja na Wilfred Osgood wa Makumbusho ya Field ya Chicago, kwa ufadhili wa gazeti la Chicago Daily News. Hadi waliporejea mwaka 1927, alikuwa amechora zaidi ya picha 100 za rangi za maji, akiwemo yule ndege mkubwa wa milimani anayekula mifupa.

Agosti 22, 1927, akitoka kumwonyesha picha hizo rafiki yake, mtaalamu wa ndege Frank Chapman, gari lake liligongwa na treni kwenye makutano ya reli na barabara karibu na Unadilla, New York. Fuertes alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 53. Mkewe, Margaret, alijeruhiwa vibaya. Picha zilirushwa nje ya gari, zikaokotwa zikiwa salama.

Suydam Cutting, aliyekuwa naye katika msafara huo, alizinunua na kuzikabidhi kwa makumbusho hayo, na mwaka 1930 picha 32 zikachapishwa katika albamu. Kama Fuertes angesubiri afike nyumbani ndipo achore, rangi hizo zisingejulikana kwa waliobaki.