Montgomery, mtafiti wa Kabete aliyeitambua homa ya nguruwe ya Afrika

Robert Eustace Montgomery alikuwa daktari wa mifugo katika maabara ya Kabete, nje kidogo ya Nairobi, wakati nguruwe wa walowezi nchini Kenya walipokuwa wakiteketea kwa homa isiyojulikana. Mwaka 1921 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake: ugonjwa huo waletwa na virusi, huua karibu kila nguruwe aambukizwaye, na kinga dhidi ya homa ya nguruwe ya Ulaya haifui dafu mbele yake. Ngiri alimhesabu miongoni mwa wasambazaji. Hivyo, chanjo nyingine ilihitajika. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya Vietnam kuidhinisha chanjo za kibiashara mwaka 2023. Afrika Mashariki, wafugaji wengi wangali wakitegemea uzio na usafi wa banda.