Daktari Asbjørn Følling na Maziwa ya Mama

Tumezoea kusoma habari za wafalme na majemadari walioteka nchi. Muhula huu napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye hakuteka hata kijiji kimoja, lakini maelfu ya watoto wamekua na akili timamu kwa sababu ya kazi yake.

Mtu huyo ni Daktari Asbjørn Følling wa Norwei, nchi ya baridi iliyo kaskazini ya Ulaya. Alizaliwa mwaka 1888 katika jamaa ya wakulima, mahali paitwapo Kvam. Kwanza alisoma kemia katika mji wa Trondheim, akahitimu mwaka 1916. Hakutosheka na hayo, akaenda kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1922. Basi akawa na elimu mbili katika kichwa kimoja, na jambo hilo lilimfaa sana baadaye.

Mwaka 1934 mama mmoja alimwendea huko Oslo. Alikuwa na watoto wawili, msichana na mvulana. Wote wawili walizaliwa wazima, lakini kadiri walivyokua akili zao zilibaki nyuma, na miili yao ilikuwa na harufu ngeni. Mama huyo alikuwa amekwisha kuzunguka kwa madaktari wengi, wala hapakuwa na aliyeweza kumweleza sababu. Hata hivyo hakukata tamaa.

Følling alimsikiliza. Akachukua mkojo wa watoto, akautia kloridi ya chuma, dawa iliyokuwa ikitumiwa kupima wagonjwa wa kisukari. Mara mkojo ukageuka rangi ya kijani, jambo ambalo hakulitazamia. Akamwomba mama asiwape watoto dawa yoyote kwa siku kadhaa, kisha akapima tena. Ikawa kijani vile vile. Tangu hapo mama akawa anamletea mkojo, jumla yake ikafika lita 20 hivi. Daktari akaufanyia kazi kwa uvumilivu mkubwa mpaka akaipata asidi iliyoleta rangi ile, nayo ni asidi ya fenilpiruviki. Baadaye akapima mkojo wa watu 430 waliokuwa na upungufu wa akili, akawaona wengine 8 wenye hali ile ile. Kwa kuwa ugonjwa ulionekana kwa ndugu wa tumbo moja, akatambua kuwa ni wa kurithi. Leo unaitwa fenilketonuria, na kwao Norwei huitwa pia kwa jina lake.

Ugonjwa wenyewe ni hivi. Katika protini ya chakula chetu imo fenilalanini. Ini la mtu mzima wa afya huibadili na kuitumia. Mtoto mwenye ugonjwa huu hana nguvu hiyo, kwa hiyo fenilalanini hujaa katika damu na kuharibu ubongo. Akiwa tumboni mwili wa mama humsaidia kuiondoa. Akizaliwa na kuanza kunyonya, ndipo inapoanza kuzidi. Kurithi ni kwa baba na mama pamoja. Kila mmoja wao huweza kuwa mzima kabisa huku amebeba nusu ya urithi huo. Wazazi wa namna hii wakipata mtoto, bahati ya kupata ugonjwa ni moja katika nne kwa kila mimba.

Jambo hili yafaa tulitie maanani. Kwetu, mtoto anyonyaye akidhoofika, mara nyingi mama ndiye hulaumiwa. Husemwa kuwa maziwa yake ni mabaya, au kuwa amembemenda mtoto. Kazi ya Følling inatufundisha kuwa mama aweza kuwa hana kosa lolote, na maziwa yake yakawa mazuri, ila mwili wa mtoto una upungufu aliozaliwa nao.

Wale watoto wawili hawakupona, maana ubongo wao ulikuwa umekwisha kuharibika. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Katika mji wa Birmingham, Uingereza, mama mwingine alimsihi Daktari Horst Bickel kila siku amtafutie mtoto wake tiba. Bickel na wenzake wakatengeneza chakula chenye fenilalanini kidogo sana, na mtoto asiyeweza kusimama akaanza kutambaa, kisha akasimama. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1953. Katika miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani alieneza njia ya kupima mtoto mchanga kwa tone la damu la kisigino, ili tiba ianze kabla ya madhara.

Je, mtoto huyo anyonyeshwe? Zamani madaktari wengi waliwaachisha. Siku hizi inajulikana kuwa maziwa ya mama yana fenilalanini kidogo kuliko maziwa ya ng'ombe, tena mtoto huihitaji kidogo ili akue. Kwa hiyo wengi hupewa maziwa maalumu yasiyo na fenilalanini kwa kipimo, kisha hunyonya, na damu yao hupimwa mara kwa mara. Lakini magonjwa hayafanani. Mwenye galaktosemia kamili hana budi kuachishwa ziwa kabisa, kwa kuwa sukari ya maziwa humdhuru. Ndiyo maana shauri hili ni la daktari baada ya vipimo, wala si la kubahatisha.

Følling alitunukiwa tuzo ya Kennedy huko Marekani mwaka 1962, akafariki mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 84. Wenzangu tunaosoma kemia, tusidhani kuwa chupa za maabara ni za mtihani tu. Na tukiwa madaktari au wauguzi siku moja, mama akija kutwambia kuwa mtoto wake ana kasoro, tumsikilize mpaka mwisho. Mama wa Oslo alitangulia kuona, na daktari aliyekubali kumsikia ndiye aliyepata jibu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne